Mali Bila Daftari: Khutba Juu ya Kuihesabu Nafsi

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa akili ya kupambanua na hiari ya kutenda, kisha akawatuma Mitume wamwonyeshe njia. Tunamshukuru kwa neema zake, tunamwomba msaada na msamaha wake, na tunajikinga kwake na shari za nafsi zetu na ubaya wa matendo yetu. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Sala na salamu zimshukie yeye, na Aali zake, na Sahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema mpaka siku ya mwisho.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nyinyi mliohudhuria msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na katika dhahiri. Mwenye kumcha Yeye amefuzu, na mwenye kuifuata nafsi yake kila inapomwita amepata hasara.

Ndugu Waislamu,

Maudhui yetu ya leo ni kuitawala nafsi katika maisha ya kila siku. Hatukusudii mitihani mikubwa inayomfika mtu mara moja au mbili katika umri wake. Tunakusudia yale madogo yanayotukabili tangu alfajiri mpaka usiku: kuamka au kuendelea kulala, kusema kweli au kuongeza neno, kukijaza kipimo au kukipunja, kulipa deni au kulisogeza mbele, kunyamaza au kujibu kwa hasira. Hayo ndiyo yanayomjenga mtu au kumbomoa, na kwa kuwa ni madogo mtu huyapita bila ya kuyajali.

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Yusuf, aya ya 53, kwamba nafsi ya mwanadamu ina tabia ya kuamrisha maovu, isipokuwa kwa rehema yake. Na katika Suratun-Naziati, aya ya 40 na ya 41, ametuahidi kwamba mtu aliyeogopa kusimama mbele ya Mola wake, akaizuia nafsi yake na matamanio, makazi yake yatakuwa ni Pepo. Tuzingatie, ndugu zangu, kwamba tulilotakiwa ni kuizuia nafsi. Hatukutakiwa kuiua. Nafsi inataka chakula, usingizi, ndoa na faida ya biashara, na yote hayo yana njia zake za halali. Mwenye punda hamuui punda wake kwa sababu ya ukaidi. Humtia hatamu, akamfundisha njia, akamlisha, na baadaye punda huyo huyo akambebea mzigo wake. Basi hatamu ya nafsi hupatikanaje?

Mtaa wetu huu wa Kariakoo ni mtaa wa biashara. Atokaye Msikiti wa Mtoro au Msikiti wa Manyema hana haja ya kwenda mbali, kwani bidhaa humpokea njiani. Kuanzia Msimbazi mpaka Lumumba, na kutoka Mtaa wa Uhuru kupitia Kongo mpaka Mkunguni, watu wanauza na kununua, wanapakia na kupakua. Kwa hiyo leo tutazungumza kwa lugha ya soko. Wala lugha hiyo hatukuibuni sisi. Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, aliitumia katika kitabu chake mashuhuri kiitwacho Ihyau Ulumid-Din. Alifundisha kwamba akili ya mtu ni mfanyabiashara, na nafsi yake ni mshirika aliyekabidhiwa mtaji. Mtaji wenyewe ni umri. Faida inayotafutwa ni kutakasika kwa nafsi, na hasara inayoogopwa ni kuharibika kwake.

Sasa tuulizane. Ni mfanyabiashara gani wa Kariakoo atakayemkabidhi mshirika wake mtaji wote, bila ya sharti, bila ya kumwangalia, na bila ya kumwuliza hesabu jioni? Hapana. Hata kama mshirika huyo ni ndugu yake wa tumbo moja, watakaa chini, wataandikiana, na usiku watafunga hesabu. Basi vipi tunaikabidhi nafsi mtaji ulio ghali kuliko vyote, na hatuna daftari hata moja juu yake? Wazee wetu wamesema: mali bila daftari, hupotea bila habari. Na umri ndiyo mali ya kwanza.

Imam Ghazali ameutaja utaratibu wenye daraja sita, na sisi leo tutazieleza tatu za mwanzo: kuishartia nafsi asubuhi, kuiangalia mchana, na kuihesabu usiku.

SHARTI LA ASUBUHI

Daraja ya kwanza ni sharti. Mtu anapokwisha kusali Alfajiri, kabla hajafungua duka, kabla hajawasha jiko la chai, kabla hajashika daftari la shule wala simu ya mkononi, akae dakika chache peke yake aiambie nafsi yake: Mola ametuongezea siku nyingine katika mtaji wetu. Wako waliolala jana nasi na leo hawakuamka. Je, siku hii tutaifanyia nini?

Kisha aiwekee nafsi yake masharti juu ya viungo vyake: jicho, sikio, ulimi, tumbo, utupu, mkono na mguu. Na sharti lisiwe la jumla. Anayesema, “Leo nitakuwa mtu mwema,” hakusema neno linaloweza kuhesabiwa usiku. Lakini anayesema, “Leo sitaapa juu ya bei,” huyo amesema neno linalopimika. Sote tunajua mambo yanavyokwenda. Mnunuzi anauliza bei ya mwisho, muuzaji anajibu, “Wallahi, mwenyewe nimeinunua zaidi ya hiyo,” na moyo wake unajua kwamba si kweli. Mtume wetu (S.A.W.) ametuonya kwamba kiapo huiuza bidhaa na kuiondolea baraka. Mwenye kuishartia nafsi yake jambo hilo tangu alfajiri, kiapo kinapomfika ulimini atalikumbuka sharti lake. Mwenye kungoja mpaka mnunuzi asimame mbele yake, tayari amechelewa.

Mwanafunzi naye ana sharti lake. Aseme: “Leo simu hii itakaa kwa mama mpaka nimalize masomo.” Asijidanganye kwamba ataiweka kando ya kitabu na asiiguse, mwenye busara hukaa mbali na kile ambacho amekwisha kijaribu kikamshinda. Mama wa nyumba naye aseme: “Leo sitampigia mtoto kelele kabla sijamsikiliza.” Baba aseme: “Leo nitakaporudi nyumbani, uchovu wa soko nitauacha mlangoni.” Haya ni masharti madogo, na kwa udogo wake yanawezekana kutimizwa. Haba na haba hujaza kibaba.

KUIANGALIA MCHANA

Daraja ya pili ni kuiangalia nafsi wakati wa kazi, mtu akijua kwamba Mwenyezi Mungu anamwona. Maulamaa wameiita muraqaba. Na hapa, ndugu Waislamu, ndipo penye mtihani mzito, hasa katika vipimo.

Mnalijua neno lumbesa. Gunia la viazi au la vitunguu hujazwa shambani mpaka likafura, kisha juu yake likaongezewa kichwa na kufungwa kwa kamba. Mkulima amelima, amepalilia, amevuna, na mwisho analipwa bei ya gunia moja kwa mzigo ulio zaidi ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340 ya sheria za nchi yetu, haitambui lumbesa, na mwisho wa uzito wa gunia umewekwa kuwa kilo 100. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umepewa kazi ya kukagua mizani na vipimo. Lakini mkaguzi ni mtu. Ana siku ya kuja na siku ya kutokuja, ana barabara anayosimama na barabara asiyoifika.

Kisha mzigo ule ule unafika mjini. Aliyeupokea kwa kipimo cha kufurika, sasa anauza kwa kopo lililobonyezwa kitako, au kwa mizani iliyochezewa, au kwa fungu lililopambwa juu kwa nyanya nzuri na chini zikawekwa mbovu. Ndugu zangu, hii ndiyo hali ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja mwanzoni mwa Suratul-Mutaffifin. Amewaonya kwa adhabu wale ambao wakipokea kwa watu hutaka wajaziwe barabara, na wakiwapimia watu hupunguza. Kisha akauliza kama watu hao hawadhani kwamba watafufuliwa kwa siku iliyo kubwa. Aya hizo tumezisoma tangu chuoni, wengi wetu tumezihifadhi kwa moyo; na kila siku tunazipita zikiwa zimesimama mbele yetu sokoni.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliingia sokoni Madina, akapita penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani. Vidole vyake vikagusa umajimaji. Alipomwuliza mwenye mali, yule mtu alieleza kwamba ni mvua iliyonyesha. Mtume akamtaka kuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si miongoni mwetu. Zingatieni: Mtume hakumkataza kuuza nafaka iliyolowa. Alimkataza kuificha. Muuzaji aseme: “Hii ni ya juzi, na bei yake ni hii.” Akisema hivyo ameuza kwa halali, na nafsi yake ameishika.

Yako masimulizi mashuhuri ya zama za Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Mama mmoja alimwamrisha binti yake usiku atie maji katika maziwa ya kuuza. Binti akamkumbusha kwamba Khalifa amekataza. Mama akasema kwamba Khalifa hayupo pale na hawezi kuwaona. Binti akajibu kwamba kama Khalifa haoni, Mola wa Khalifa anaona. Binti huyu hakuwa na mkaguzi wala sauti ya askari mlangoni. Alikuwa na jambo moja tu, nalo ni yakini kwamba anaonwa. Na yakini hiyo ilimtosha kuushika mkono wake.

Twafahamu kwamba yuko atakayesema: “Maneno haya ni mazuri mimbarini, lakini jirani yangu anabonyeza kopo, anauza kwa bei ya chini kuliko mimi, na wanunuzi wanamkimbilia yeye. Nikiacha mimi, watoto wangu watakula nini?” Swali hili si la kubeza. Hatusemi kwamba kuitawala nafsi hakuna gharama. Yawezekana mwenye kipimo cha haki akaiona jioni ambayo jirani yake amekwisha kuuza na yeye mzigo wake bado. Kama kungekuwa hakuna gharama, pasingekuwa na thawabu. Lakini na tufanye hesabu mpaka mwisho. Kila kopo pungufu ni deni kwa mtu ambaye hatumjui jina wala nyumba. Ukimdhulumu unayemjua, unaweza kwenda kumwomba radhi. Aliyenunua kwako kwa kupita njia akaenda zake Mbagala au Kigogo, utamtafuta wapi? Toba ya haki ya mwanadamu haikamiliki mpaka haki irudishwe kwa mwenyewe, na wewe umeitawanya mji mzima.

Na yuko kijana wa kuajiriwa, anayesimamia duka la mtu, ambaye tajiri wake humwamrisha apunje. Kijana huyu tunamwambia: mnasihi mwajiri wako kwa adabu na faragha. Asipokubali, tafuta kazi nyingine kwa bidii, na umwombe Mola wako akufungulie mlango. Kiumbe hatiiwi katika jambo la kumwasi Muumba. Na wewe tajiri, ujue kwamba unapomfundisha kijana kumwibia mnunuzi kwa ajili yako, umemfundisha wizi. Na siku moja atakuibia wewe kwa ajili yake.

HESABU YA USIKU

Daraja ya tatu ni hesabu, nayo ndiyo muhasaba. Katika Suratul-Hashri, aya ya 18, Mwenyezi Mungu amewaamrisha walioamini wamche, na kila nafsi iangalie ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho. Na Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akiwausia watu wajihesabu wenyewe kabla ya kuja kuhesabiwa.

Tazameni maduka yetu yanavyofungwa. Mwenye duka huteremsha mlango nusu, akaketi, akahesabu fedha za mkononi na fedha zilizoingia kwa simu, akatoa gharama, akaandika waliokopa. Shilingi elfu moja ikipungua, halali. Atarudia hesabu mpaka ajue imekwenda wapi. Basi mtu huyo huyo, akifika nyumbani na kusali Isha, asilale kabla hajaifungia nafsi yake hesabu. Imam Ghazali ameeleza kwamba katika biashara hii mtaji ni faradhi, faida ni sunna, na hasara ni maasi. Kwa hiyo maswali ni matatu. La kwanza: faradhi zangu za leo zimetimia, na zimetimia kwa wakati wake? La pili: nimezidisha nini cha kheri? La tatu: nimepata hasara wapi, kwa ulimi, kwa jicho, kwa mkono, au kwa mali? Dakika tano zinatosha.

Hesabu hii itatufunulia mambo ambayo mchana hatukuyaona. Kijana atagundua kwamba shilingi mia tano aliyoitumia kubeti Jumatatu imekuwa elfu mbili Ijumaa, na kwamba hakumbuki ni siku gani alianza kukosa sala ya Alasiri kwa kungoja matokeo ya mpira. Kamari imekatazwa na Mwenyezi Mungu katika Suratul-Maida, aya ya 90, na ni kamari ikiwa mtu ameicheza kwa karata au kwa kubonyeza simu. Baba wa nyumba atagundua kwamba mkopo alioupata kwa dakika moja, ule ambao watu wenyewe wameuita kausha damu, haukuwa wa dawa wala wa karo. Ulikuwa wa kitu ambacho nafsi ilikitaka siku ile ile, ikakataa kungoja. Hapo ataona kwamba mlango wa riba aliingizwa na nafsi isiyojua subira. Na yule aliyekopa kwa jirani yake ataona kwamba fedha anazo, ila tu anaona uzito kuzitoa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhuluma. Dawa ya deni ni kulipa.

Ndugu Waislamu, usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto ulilishika Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo lililofunguliwa mwaka 1975. Kwa usiku mmoja wako watu waliopoteza mali ya miaka mingi. Lilikuwa pigo kubwa, na wako walioanza tena kwa taabu na kwa msaada wa wenzao. Mtaji wa fedha ukipotea, mtu hutafuta mwingine. Lakini siku iliyokwenda haitafutwi, haikopwi kwa jamaa, wala haina bima. Kila tunapolala, moto wa wakati umekwisha kula siku moja ya umri wetu. Mwenye kuihesabu siku hiyo amepona na kitu. Asiyeihesabu ameacha yote iteketee.

Tunasema maneno haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa msamaha, Mwingi wa rehema.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, anayekubali toba ya waja wake na kuusamehe upungufu wao. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mcheni Mola wenu, na mjue kwamba nafsi haibadiliki kwa siku moja. Wengi wetu hukusudia mambo makubwa, tukaanza kwa nguvu, na baada ya wiki tukarudi tulikotoka. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ni chache. Chagua basi sharti moja, wala usichague kumi. Lishike mpaka liwe tabia, ndipo uongeze la pili.

Wala tusiseme kwamba hatuna nguvu ya kujizuia, kwa maana Mwenyezi Mungu amekwisha kutuonyesha kwamba tunayo. Katika mwezi wa Ramadhani, mchukuzi anayebeba magunia juani anayaacha maji yaliyo halali kwake, na hapana anayemlinda. Angeweza kuingia uchochoroni akanywa, na asionekane na mtu. Hanywi. Mama anayewapikia wagonjwa na watoto mchana haonji mchuzi akaumeza. Basi mwenye kuweza kuiacha halali kutwa nzima kwa mwezi mzima, atashindwaje kuiacha haramu ya dakika moja? Nguvu tunayo. Ila tunaiweka kabatini pamoja na kanzu ya Idi.

Na kila siku tumewekewa mafunzo mara tano. Adhana ya Adhuhuri inapoadhiniwa Kariakoo, ndiyo saa ya wanunuzi wengi. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Jumua ametuamrisha, unaponadiwa wito wa sala ya Ijumaa, tuiache biashara. Na sala ikimalizika ameturuhusu tutawanyike tutafute fadhila zake. Na katika Suratun-Nuri, aya ya 37, amewasifu watu ambao biashara haiwashughulishi wakasahau kumkumbuka. Mtu anayeweza kumwambia mnunuzi, “Nisubiri kidogo, nakwenda kusali,” amejifunza somo kubwa kuliko anavyodhani. Amejifunza kuuacha mkono wake ulegee juu ya kitu unachokitaka. Mkono uliozoea kulegea kwa adhana utalegea pia mbele ya haramu.

Na tuitazame hasira, kwa kuwa huvunja nyumba zetu zaidi ya umaskini. Mtume (S.A.W.) ametubainishia kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa miereka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Na alipoombwa na mtu ampe wasia, alimkataza kukasirika, akalikariri neno hilo kila alipoombwa tena. Joto la mji, msongamano wa njia, kelele za soko na madeni ya watu humfikisha mtu nyumbani akiwa amejaa mpaka shingoni, na anayemwagiwa ni mke au mtoto ambaye hakumkosea. Mtume ametuelekeza kwamba aliyekasirika akiwa amesimama akae, na ikiwa haijamwondokea alale ubavu. Tuyafanye hayo, ndugu zangu, wala tusiyaone madogo. Ulimi hauna mfupa, lakini neno lake huvunja kilichojengwa miaka ishirini.

Tukianguka je? Tutaanguka, kwani sisi ni wanadamu. Wakati huo nafsi ina hila mbili. Ya kwanza hutuambia kwamba kosa ni dogo, hapana haja ya toba. Ya pili hutuambia kwamba sisi hatufai tena, hapana faida ya toba. Zote mbili ni uongo. Dawa ni kutubu papo hapo, kurudisha haki ya mtu kama ipo, na kuitoza nafsi faini itakayoikumbusha. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipokosa sala ya Alasiri ya jamaa, alitoa sadaka kipande cha ardhi yake. Sisi hatuna ardhi za kutoa kila siku. Lakini anayeapa uongo juu ya bei, na aitoe faida ya mauzo yale sadaka baada ya kumrudishia mwenye haki iliyo yake. Na aliyesengenya asali rakaa mbili na amtaje vizuri yule aliyemsengenya pale pale alipomsema. Nafsi ikijua kwamba kila hila yake ina gharama, itapunguza hila.

Wazazi, watoto wetu hujifunza kuitawala nafsi kwa kutuangalia zaidi ya kutusikiliza. Mtoto aliyetumwa mlangoni kusema, “Baba hayupo,” na baba yupo, amepata darsa ambalo mwalimu wa chuo atalifuta kwa miaka. Mtoto aliyemwona mama akirudi dukani kwa jua kali kurudisha chenji iliyozidi, naye amepata darsa. Samaki mkunje angali mbichi.

Mwisho, ndugu Waislamu, mnajua kwamba jina hili la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wachukuzi waliowatumikia Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, na ambao waliwekwa katika eneo hili. Walibeba mizigo ya watu wengine, wengi wao wakafa njiani kwa maradhi na kwa njaa. Mpaka leo mitaani kwetu mizigo inabebwa, kwa kichwa na kwa mkokoteni, na kila mwenye mzigo anaweza kukodi mtu amchukulie. Lakini Qurani imetufahamisha zaidi ya mara moja, ikiwemo katika Sura ya Faatir, aya ya 18, kwamba siku ya Kiyama hapana mbebaji atakayeubeba mzigo wa mwingine, hata akiitwa jamaa wa karibu. Siku hiyo hapana mchukuzi wa kukodiwa. Kila mmoja atakuja na gunia lake mwenyewe, alilolijaza kidogo kidogo, kwa siku hizi hizi na kwa dakika hizi hizi. Basi na tuliangalie leo, tungali na uwezo wa kulifungua na kulipunguza.

Ewe Mola wetu, zipe nafsi zetu ucha Mungu wake na uzitakase, kwani Wewe ni mbora wa kuzitakasa. Tusaidie kuzitawala ndimi zetu na mikono yetu. Zibariki biashara zetu za halali, na ututosheleze kwa halali yako tusiihitajie haramu. Wape subira wenye kupimia kwa haki katika soko lililozoea kupunja. Wafungulie njia vijana wanaotafuta kazi safi. Waongoze wanafunzi wetu, warehemu wazazi wetu, waponye wagonjwa wetu, na waghufirie waliotutangulia. Ipe nchi yetu amani, na uwape viongozi wetu uadilifu. Utujaalie tuwe miongoni mwa waliojihesabu wenyewe kabla ya hesabu yako, na uifanye hesabu yetu siku hiyo kuwa nyepesi. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atakukumbukeni, mshukuruni atakuzidishieni. Inukeni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.